Ati "transfoma ni transfoma"! Yule jamaa wa Luthuli hana haya kabisa

WayaMbichi

Mnamjua. Sitamtaja, hakuna haja. Yule muuza vifaa vya umeme wa Luthuli, Nairobi, juu ya ngazi, miwani kichwani badala ya machoni, anayekujibu kabla hujamaliza swali. Leo saa nane mchana ametamka mbele ya watu wazima: "Transfoma ni transfoma, boss."

Karatasi alipewa, herufi kubwa, haitaki mkalimani: kuingia volti 240, herzi 50, kutoka 250-0-250 (volti 250 kila upande wa waya wa kati) kwa miliampea 120, na koili nyingine ya volti 6.3 kwa ampea 3. Ni ya amplifaya ya valvu, zile taa za kioo za zamani: EL84 mbili, ECC83 moja, EZ81 ya kunyoosha umeme, AC iwe DC. EL84 inakula ampea 0.76 ya filamenti, ule waya wa kuipasha joto, mbili ni 1.52. ECC83 ni 0.3. EZ81 ni ampea 1 nzima. Jumla 2.82, ndiyo maana ya 3. Mtoto wa darasa la nne anajumlisha hiyo.

Akaigeuza karatasi nyuma, kana kwamba huko ndiko kuna bei. Akatoa 12-0-12 ya ampea 3. Kuambiwa inatakiwa 250, akacheka, akamwita kijana wa kibanda jirani aje naye acheke, kisha: "Si ununue ishirini na moja uunge. Transfoma ni transfoma."

ISHIRINI NA MOJA!

Basi na matatu ni matatu, panda ya Rongai ufike Kasarani. Nimekasirika mpaka multimita ikiguswa na mkono wangu inasoma volti. Transfoma ni transfoma!

Shaba_Tupu

Pole, lakini piga hesabu kabla ya kulia. 12-0-12 ni volti 24 mwisho kwa mwisho. 24 mara 21 ni 504. Waya wa kati wa ile ya 11 unakuwa katikati ya msururu wote. Umepata 252-0-252. Jamaa kakupa zaidi ya ulivyoomba, tena bila miwani.

KibiritiNgoma

😂😂😂 Uzi ufungwe.

Shaba_Tupu

Naendelea. Pande za 240 zote sambamba, pande za 12 mfululizo. Ukigeuza moja tu kichwa chini, hupotezi 24, unapoteza 48, kwa sababu hiyo inavuta kinyume. Na kila moja inakula wati mbili tatu hata ikiwa haina kazi. Mara 21. Utakuwa na amplifaya na jiko la mahindi kwa pamoja. Mkokoteni wa kuzibeba ni juu yako.

WayaMbichi

Mnamtetea? Alimwita KIJANA aje acheke.

NyuziNyekundu

Mbili tu zinatosha, acheni wazimu. Chukua 240/12 (volti 240 kuingia, 12 kutoka) ya VA 80 (volti mara ampea), na nyingine 240/12 ya VA 60. Unga 12 kwa 12, ya pili uiendeshe kinyume. Usitarajie 240 upande wa pili. Kiwandani upande wa 12 huongezewa mizunguko kidogo kufidia hasara, kwa hiyo ukiigeuza inakulipisha mara mbili. Mzigo ukiingia tarajia karibu 210. Hapo hakuna waya wa kati, kwa hiyo EZ81 rudisha sandukuni na uweke daiodi nne za 1N4007 zinyooshe umeme badala yake. Baada ya kapasita utapata kama volti 295.

Filamenti zinatoka hapo katikati kwenye 12: EL84 mbili mfululizo, ECC83 kwa pini 4 na 5. Volti 12 badala ya 12.6 ni upungufu wa asilimia 5, valvu hazitanuna. Na fyuzi iwe kwenye 240 ya kwanza, isiwe "nitaweka baadaye".

MguuWaKati

Hiyo ni ya wavivu. Fungisha mpya. Kiini cha vibati vya chuma vyenye umbo la herufi E na I, mguu wa kati wa E milimita 38, mrundo milimita 30. Ukitoa vanishi iliyo kati ya vibati, hesabia sentimita 10 za mraba. Gawanya ile 45 ya kanuni ya mafundi kwa 10: mizunguko 4.5 kwa kila volti. Upande wa stima 1,080, waya wa milimita 0.41. Upande wa volti 250 ongeza asilimia 5 ya hasara: 1,181 mara mbili, waya 0.25. Filamenti mizunguko 30, waya 1.25.

Fundi wa kufunga mota anajua kusuka. Asichojua ni karatasi. Mota ya volti 240 haimdai karatasi kati ya kila safu, hii inakudai. Asipoweka, safu ya juu inalala juu ya safu ya chini, volti zinaruka, na harufu utaisikia wewe. Mpelekee karatasi wewe mwenyewe. Mwambie pia E na I zipishane, moja kulia moja kushoto. Akizipanga zote upande mmoja umenunua king'ora.

KibiritiNgoma

Na kiini? Au transfoma ni transfoma 😂

MguuWaKati

UPS kuukuu (zile za kushikilia kompyuta stima ikipotea) za soko la Gikomba. Kwanza tazama ubavu: kilichochomelewa kwa mstari wa kulehemu kiache, utavipinda vibati vyote ukivitoa. Ya maikrowevu usiguse, ile inatoa volti elfu mbili na haina mzaha na mtu.

Paka_Mweusi

Mimi mkasa wangu ni mwingine. Kuna mafundi wanakufungia alumini iliyopakwa rangi ya shaba halafu wanakulipisha shaba. Kwaruza ncha kwa wembe kabla ya kulipa. Ikiwa nyeupe ndani, ondoka.

Shaba_Tupu

Alumini angalau inafanya kazi. Kapasita je? Nje imeandikwa 450V, mikrofaradi 47, ndani kuna kadogo ka 160V kamevalishwa koti. Pima uzito kwa mkono, na uikate moja ya mfano.

WayaMbichi

Jamani, transfoma. Aligeuza karatasi nyuma.

NyuziNyekundu

Wewe nawe, hata angekupa, ungejuaje ni yenyewe? Koili ya 240 ya ukubwa huo inasoma kama omu 24. Ya 250-0-250 karibu omu 170 mwisho kwa mwisho. Ikisoma omu moja, hiyo ni 12 iliyobandikwa lebo. Halafu iunge mfululizo na balbu ya wati 60, ile ya waya, si ya LED. Upande wa pili ukiwa wazi balbu ikae giza. Ikiwaka sana, mizunguko imeshikana ndani.

Paka_Mweusi

Ukiwa na ile multimita ya manjano usiamini chochote. Betri ikichoka inaongeza namba. Stima ya ukutani inasoma 290.

KibiritiNgoma

KUMBE! Nilidhani mtaa wetu una stima tajiri.

WayaMbichi

Nilikuwa naongea kuhusu transfoma.

Paka_Mweusi

Transfoma ni transfoma. Shaba_Tupu, hebu maliza hiyo ya kapasita: ukiikata, unaanzia upande wa pini au upande wa juu?

Shaba_Tupu

Wa pini. Kwanza itoe chaji kwa resista ya kilo-omu 1 wati 5, si kwa bisibisi. Raba ikitoka, vuta roli polepole. Ya kweli imejaa mkebe mpaka juu. Ya bandia inacheza ndani kama njuga.