Matoazi kwa bajeti ndogo: seti mpya ya brasi, ya B8, au vipande vilivyotumika?

MgongaRaidi
Wadau, naomba tulinganishe. Fedha inatosha njia moja tu:
a) seti mpya ya brasi kama Meinl HCS au Paiste PST 3: haihati (jozi inayofungwa kwa mguu) inchi 14, kreshi (toazi la kishindo) 16, raidi (toazi la kushikia mwendo) 20;
b) seti mpya ya bronzi ya B8 kama Sabian B8X, ila bila raidi;
c) kuokota kimoja kimoja, bronzi ya B20 iliyotumika.
Kazi ni mazoezi na bendi ndogo ya ukumbini.

FimboMbili
Anza na madini yenyewe. Brasi ni shaba na zinki. B8 ni bronzi ya shaba 92% na bati 8%; B20 ni shaba 80% na bati 20%. Brasi hutoa sauti fupi yenye ukakasi, na inapoumia zaidi ni kwenye raidi: mlio wa ncha ya fimbo unamezwa na mvumo, huisikii hesabu. Kwa mazoezi inatosha, kwa ukumbi haitoshi.
Ila usiidharau B8 kwa jina tu. Paiste 2002, iliyotoka mwaka 1971, ni ya mchanganyiko huohuo, na wapiga roki wanaiheshimu mpaka leo. Kinachotofautisha ni unene, ugongaji wa nyundo na ukerezaji.

Upatu20
Mimi nachanganya (b) na (c). Haihati na raidi ndizo zinazopigwa karibu kila pigo, kwa hiyo fedha nyingi iende huko: tafuta B20 iliyotumika. Raidi ni nene, hupasuka kwa nadra, ndiyo maana kuinunua kwa mtu si hatari sana. Kreshi ni nyembamba na hupigwa ukingoni kwa nguvu. Hiyo nunua mpya, hata ya B8.

MgongaRaidi
Asante mkuu. Iliyotumika naikaguaje?

Upatu20
Lining'inize toazi kwenye kidole kupitia tundu la kati, ligonge taratibu ukingoni, kisha zungusha na urudie. Mlio ukivuma kama nzi au ukikatika ghafla mahali fulani, kuna ufa. Pitisha ukucha ukingoni pande zote mbili. Utakwama penye ufa hata kama jicho halijauona.
Halafu tundu lenyewe. Likiwa limelika upande mmoja kama tundu la ufunguo, toazi lilikuwa linasuguana na chuma cha stendi bila mrija wa plastiki. Kulika kidogo hakudhuru sauti. Ila ukiona mstari unatoka tunduni kupanda kwenye kengele (kile kituta cha katikati), achana nalo.
Ufa mbaya kuliko wote ni ule unaofuata mifuo ya kukerezea, maana unafanana nayo kabisa. Pinda ukingo kidogo sana kwa vidole gumba kwenye mwanga: mfuo wa kawaida haufunguki, ufa hufunguka.
Nenda na mizani ya jikoni pia. Raidi ya inchi 20 yenye gramu 2,200 hadi 2,500 ni ya wastani. Ikikaribia 3,000 itasikika kama kengele tupu, na ukumbi mdogo utailalamikia. Nembo iliyofutika na ukungu wa kijani si kasoro. Mng'ao wa kioo kwa toazi la zamani ndio wa kuulizia, kwa sababu joto la mashine ya kung'arishia linaweza kuharibu ugumu wa bronzi.

Feliti_Laini
Nyongeza: ufa mfupi wa ukingoni haumaanishi toazi limekufa. Toboa tundu la milimita 3 mwisho wa ufa na wakati mwingine utasimama.

FimboMbili
Wakati mwingine tu, mkuu. Ufa wa chini ya sentimita moja ni afadhali kuukata wote kwa tupa, uache mbonyeo mpana kama sahani, kisha ulainishe kwa msasa. Usiache kona, mpasuko mpya huanzia hapo. Ufa wa mviringo hautengenezeki. Toazi hilo liweke juu ya jingine lipigwe kwa pamoja, mlio mfupi wenye mkwaruzo unaopendeza. Ila lisilipiwe bei ya toazi zima.

Feliti_Laini
Hapo nakubali. Na ukishanunua, angalia stendi kabla ya kupiga: mrija wa plastiki uwepo, feliti (vile vipande laini vya kitambaa kizito) juu na chini, nati ilegee kiasi toazi liyumbe lenyewe. Nati iliyokazwa inazuia toazi kuyumba, nguvu yote ya pigo inabaki ukingoni. Kreshi iinamie kwako kidogo, uipige kwa kupangusa.
Haihati ikifunga kwa mlio wa "pfff" badala ya "chik", hewa inanaswa katikati. Kaza skrubu ndogo iliyo chini ya toazi la chini mpaka liiname kidogo. Watu wengi wanauza haihati nzima kwa kutoijua skrubu hiyo.

MgongaRaidi
Basi haihati na raidi za B20 zilizotumika, kreshi mpya ya B8 inchi 16. Kati ya haihati mbili za inchi 14, moja ina la juu gramu 950 na la chini 1,250. Nyingine zote 1,150. Ipi?

Upatu20
Ya kwanza. La chini likiwa zito, "chik" ya mguu hutoka kali na safi, na la juu jepesi huitikia fimbo upesi. Hakikisha tu muuzaji hajapachika la chini juu.