MREJESHO: Nimepunguza mkate, sasa ni uwele na mlenda

Wakuu habari, narudi na mrejesho. Niliuliza nipunguzeje mkate na chapati nile zaidi vya kulimwa hapa hapa, maana ngano yetu nyingi inatoka nje wakati mi niko Dodoma, uwele na mtama ndo kwao.

Aisee ushauri wa uwele umefanya kazi. Nanunua nafaka nzima soko la Majengo, napepeta, naosha kwa maji mengi naichota ya juu taratibu mchanga ubaki chini, naanika mpaka ikauke kabisa ndo napeleka mashine. Msiruke kuosha jamani, mchanga kwenye ugali haufichiki! Halafu sagisheni kidogo kidogo, uwele una mafuta kwahiyo unga ukikaa sana unakuwa mchungu.

Ugali wake na mlenda wa karanga, watoto wanamaliza sufuria. Asubuhi uji wenye ubuyu, au viazi vitamu vikiwepo. Mkate bado upo ila wikendi tu.

Mama uliyesema nianze na uji kabla ya ugali, Mungu akubariki sana. Kinachonisumbua sasa ni mboga za kiangazi, mchicha unapanda bei, mnakaushaje majani ya kunde?