Mjadala: Je, watengenezaji wa gemu wanazitumia nguvu zote za konsoli?

Mleta hoja, Umoja: PS5, konsoli ya Sony, ilitoka 2020 na prosesa ya koa 8 (vitengo vinavyopiga hesabu kwa pamoja), kumbukumbu ya GB 16, na SSD (hifadhi ya kasi isiyo na diski inayozunguka) inayosoma GB 5.5 kwa sekunde. Bado gemu nyingi zinayumba chini ya fremu (picha) 60 kwa sekunde. Gemu ya God of War Ragnarök ya 2022 ikatolewa hadi kwa PS4, mashine ya 2013! Nguvu tuliyoilipia imelala.

Ngara: Ndugu, piga hesabu kwanza. Fremu 60 kwa sekunde ni milisekunde 16.7 kwa kila fremu. Humo kuna fizikia, mienendo ya maadui, sauti, kisha kuiandalia chipu ya michoro kazi yake. Kazi hiyo ikifika milisekunde 18, skrini inarudia picha ya zamani na unaona mkwamo. Koa 8 hazikufai ikiwa 7 zinangoja moja imalize hesabu. Kugawa kazi ndiko kugumu. PS3 ya 2006 ilizipa gemu koa ndogo 6, kila moja na kumbukumbu yake ya KB 256 tu. Ilibidi data ikatwe vipande na kuletwa kwa zamu. Ndiyo maana gemu iliyozitumia vizuri kama The Last of Us ilikuja 2013, mashine ikiwa inastaafu.

Mleta hoja: Kwenye prosesa nakubali. Diski je? Mark Cerny wa Sony alieleza 2020 kwamba katika Spider-Man ya PS4 data ya vitu kama masanduku ya barua ilirudiwa mara 400, ili kichwa cha diski inayozunguka, kile kinachoisoma, kisihangaike kuitafuta. SSD haihitaji hayo. Lakini gemu ikilazimika kuingia PS4, ramani yote inachorwa kwa mwendo wa diski ile, na mwenye PS5 anabanwa naye.

Kayole: Na vibanda vya mtaani vyenye PS4 tuvifungie nje? Mimi nakataa. Picha hupunguzwa ukubwa, gemu ikaenda. Kinachobana kweli ni kumbukumbu. Xbox Series S, konsoli ndogo ya Microsoft, ina GB 10. Gemu ya Baldur's Gate 3 ilipofika Xbox Desemba 2023, S ilikosa skrini ya kugawana wachezaji wawili.

Ngara: Ikaipata Aprili 2025, kwenye mashine ileile, GB 10 zilezile. Nguvu ilikuwepo, mkubwa. Kilichokosekana ni miezi 16 ya kazi, na studio nyingi zikishauza gemu huwahamisha watu kwenye mradi mwingine.