Hadrian's Wall, Camino au Appalachian: ipi inafaa kumalizwa kwenye ramani kwa mazoezi ya kila siku?

Nyayo_Taratibu (mleta mada):
Wanajukwaa, nawasalimu. Hutembea kilomita tano kwa siku, siku tano kwa wiki, nami nimeamua kuzihamishia kilomita hizo kwenye ramani ya njia moja ndefu ya miguu mpaka niimalize bila kusafiri. Nimebaki na tatu za kuchagua: Hadrian's Wall Path ya Uingereza yenye kilomita 135, Camino ya Kifaransa, njia ya mahujaji inayotoka Saint-Jean-Pied-de-Port hadi Santiago de Compostela nchini Hispania, yenye kilomita 780 hivi, na Appalachian Trail ya Marekani, takriban kilomita 3,500 kutoka Georgia hadi Maine. Kwa mwendo wangu ya kwanza ni wiki sita, ya pili wiki 32, ya tatu wiki 140. Nianze na ipi? Na je, nihesabu kila hatua inayonaswa na simu, au zile za mazoezi tu?

Mkoba_Mgongoni:
Mimi nilijitosa moja kwa moja kwenye Appalachian, na sikufika. Georgia ina kilomita 126 hivi, kwa hiyo mtu wa kilomita 25 kwa wiki huivuka kwa wiki tano na kujiona shujaa. Shida ni Virginia, ambayo peke yake hubeba karibu robo ya njia nzima, takriban kilomita 885. Nilikaa miezi mitano ndani ya jimbo hilohilo, nikisogeza alama ambayo kwenye ramani ilionekana kama haijasogea, hadi nikaacha hata kuandika. Wanaoitembea kwa miguu yao wenyewe nao hulalamikia unyong'onyevu wa Virginia, lakini wao angalau wanaona miti. Usianze na hiyo.

BiMwendo:
Namuunga mkono ndugu hapo juu, na kura yangu naipa Camino. Sababu si urefu wake pekee. Ni kwamba vijiji na miji yake imekaribiana, hivyo karibu kila juma utakuwa na jina jipya la kuandika: Pamplona, Logroño, Burgos, León. Kuna sehemu kavu pia, yaani uwanda wa Meseta kati ya Burgos na León, ambao ni kilomita 180 hivi na utakugharimu wiki saba. Kwangu ndizo zilizokuwa wiki ngumu, ila nilijua zinaanzia wapi na zinaishia wapi.

Jambo moja ambalo wengi hulisahau ni mwinuko. Siku ya kwanza ya Camino, kutoka Saint-Jean hadi Roncesvalles kupitia njia ya juu, ni kilomita 25 zenye kupanda mita 1,250 hivi. Mimi nilikataa kuvuka milima hiyo ya Pyrenees kwa kutembea sakafuni, nikaongeza ngazi: ukikadiria kila ghorofa kuwa mita tatu, ni ghorofa 417, nilizozigawa katika wiki tatu. Si lazima, lakini nilipofika kileleni nilihisi nimefika.

HesabuKamili:
Kuhusu hatua za simu, mimi ni wa kuhesabu zote. Mwili hautofautishi kilomita ya mazoezi na ile ya kwenda kuchota maji. Simu yako ikinasa hatua 4,000 za shughuli za kawaida kwa siku, nawe una hatua ya sentimita 70, hiyo ni kilomita 2.8 kila siku, karibu 20 kwa wiki. Camino inashuka kutoka wiki 32 hadi 18. Ila usiuamini urefu wa hatua uliowekwa na programu bila kuupima: nenda kwenye uwanja wenye mzunguko wa mita 400, hesabu hatua zako, kisha gawanya. Ukipata hatua 560, hatua yako ni sentimita 71.

Mkoba_Mgongoni:
Hapo tunatofautiana, HesabuKamili. Nilipoanza kuhesabu hatua za jikoni, siku nilizokacha mazoezi hazikuniuma tena, maana alama ilisogea vilevile. Lengo la mleta mada ni mazoezi.

Pedali_Mbili:
Je, baiskeli inaruhusiwa? Mimi huendesha zaidi ya kutembea, na kuhesabu kilomita moja kwa moja ni kujidanganya. Nimeazima kanuni ya Santiago kwenyewe: anayetaka cheti cha hija hutakiwa kutembea angalau kilomita 100, au kuendesha baiskeli angalau 200. Kwa hiyo kilomita mbili za baiskeli naziandika kama moja. Kisayansi uwiano huo ni wa huruma kwa mwendesha baiskeli, nakiri, lakini sikuubuni mimi.

BiMwendo:
Uwiano wowote unafaa ilimradi uuandike kabla ya siku ya kwanza na usiuguse tena. Vivyo hivyo urefu wa njia: ule wa Appalachian hubadilika kidogo karibu kila mwaka kwa sababu vipande vyake huhamishwa, kwa hiyo chagua tarakimu moja uifunge. Programu au daftari ni juu yako. Mimi nilitumia daftari na ramani ya ukutani, kwani programu yangu ilipoteza kumbukumbu za miezi miwili.

Nyayo_Taratibu (mleta mada):
Nawashukuru nyote. Nimechagua Camino, kwa kilomita 780 kamili, mazoezi tu, baiskeli mbili kwa moja. Hadrian's Wall naiweka akiba kwa wiki sita za baada ya Santiago. Bi Mwendo, ghorofa zako 417 zimenikaa kichwani: ulihesabu kupanda pekee, au na kushuka?

BiMwendo:
Kupanda pekee. Kushuka nilikuwa napumzika.