Ati "boti si bibi harusi"! Huyu fundi wa faiba tumvumilie hadi lini?

Ndugu zangu wa Lamu, ninaandika haya nikiwa bado kwenye gati la Mokowe, mikono ikinitetemeka kwa hasira, kwa sababu yule fundi wa faiba, yaani wa boti za nyuzi za kioo na resini, ambaye kila mwenye boti kutoka Shela hadi Kizingitini anamjua, na ambaye sina haja ya kumtaja, ameniambia mbele ya abiria wangu ya kwamba boti si bibi harusi. Nilikuwa nimepitisha kiganja juu ya kiraka alichokitia ubavuni, karibu na omo, mbele ya boti, kikatoka na vinyuzi vya kioo vinavyowasha hadi sasa. Nikamwuliza iwapo hiyo ndiyo kazi niliyoilipia. Akacheka, akageukia abiria, akasema: "Boti si bibi harusi." Abiria nao wakacheka, na mama mmoja aliyebeba kuku alicheka hadi kuku wenyewe wakaanza kupiga kelele.

Kiraka chenyewe kina mabonde ambamo kaa wangeweza kuhamia na jamaa zao. Kila mtu wa kazi hii anajua kwamba jelkoti ya kawaida, lile tabaka la nje la resini linalong'aa, ikiachwa wazi hubaki inanata juu, kwa kuwa hewa huizuia resini kuganda usoni; ndiyo maana tabaka la mwisho hutiwa nta iliyoyeyushwa katika stairini, kiyeyushi cha resini, au hufunikwa kwa plastiki hadi liive. Yeye hakutia nta wala hakufunika, kisha akapeleka msasa kwenye uso unaonata. Tena msasa namba 80, wa chembe kubwa za kukwaruza! Alianza na 80 akaishia na 80, akala jelkoti yote ya ukingoni hadi kwenye kitambaa cha faiba. Mtu mwenye haya huanza na 220 au 320 kwa maji, akapanda 400, 600, 800 hadi 1000 na zaidi, kila namba ikifuta mikwaruzo ya iliyotangulia, ndipo aje na kampaundi, dawa ya kusugulia uso, na nta ya kung'arishia. Hadna, dawa ya kugandisha resini, aliimimina kwa kukadiria, ilhali kipimo chake ni asilimia 1 hadi 2, na katika joto la kaskazi mtu hushuka kuelekea 1. Nilipomwonyesha nyufa, alirudia neno lile lile, bibi harusi, kwa sauti ya juu zaidi, ili walioketi tezi, nyuma kabisa ya boti, nao wasikie.

Mtoto wa Langoni: Pole sana, ndugu. Mimi alinilinganishia rangi na ubavu uliopigwa jua miaka mingi bila kuusugua kwanza apate rangi yake ya asili. Nilipokuja kuing'arisha boti yote, kiraka kikabaki doa la manjano ambalo ninaamini linaonekana kutoka Manda.

Baharia wa Mokowe: Nilikuwapo gatini nikayasikia yote. Ninauliza kwa heshima: bibi harusi anaolewa lini, tumwandalie hina na pilau?

Mwenye uzi: Baharia, huu si mzaha. Mtu amenidhalilisha mbele ya abiria. Amesema bibi harusi!

Mkomani Juu: Mabonde hayo hayatoki kwenye jelkoti peke yake. Fundi huyo husugua kwa vidole vitupu, na vidole hufuata mashimo badala ya kuyasawazisha. Msasa huzungushwa kwenye kibao, na kiraka hujazwa juu kidogo ya ubavu, kwa kuwa jelkoti hunywea inapoiva. Nilimpelekea kibao mimi mwenyewe, akakitumia kuchochea makaa.

Mzee wa Matondoni: Ndiyo maana nimebaki na mbao. Mashua yangu hukalafatiwa, yaani huzibwa kati ya mbao, kwa pamba na mafuta, na chini hupakwa shahamu na chokaa, basi. Ila wakalafati wa siku hizi nao ni balaa, kwani wa mwisho alinishindilia nyuzi za magunia badala ya pamba, nikafika Pate maji yakiwa magotini.

Mwenye uzi: Shikamoo, mzee wangu. Ninakuomba tusitoke kwenye kiraka. Alisema, mbele ya watu, kwamba boti si bibi harusi.

Mtoto wa Langoni: Mzee, magunia? Huyo mkalafati si yule anayekaa chini ya mkungu?

Mzee wa Matondoni: Ndiye huyo huyo, mwanangu, na fedha zangu hajazirudisha.

Mpwa wa Shela: Nyinyi mnalilia uso wa boti na pamba. Mimi fundi wa mashine amenilipisha plagi mpya, akanirudishia zile zile za zamani akiwa amezipiga brashi, na injini ikanizimikia katikati ya mkondo wa Mkanda nikiwa na wageni na mizigo yao.

Baharia wa Mokowe: Mwenye kofia nyekundu?

Mpwa wa Shela: Mwenye kofia nyekundu.

Mkomani Juu: Subhanallah, mimi aliniuzia pampu ya maji kwa mtindo huo huo! Mfungulie uzi wake, tumalizane naye.

Mpwa wa Shela: Nimeufungua sasa hivi. Njooni nyote huko, na mwenye risiti aje nayo.