Tulivukishwa bahari kwa ahadi ya mafunzo ya OSCE, tukapewa zamu za usiku

Wanajamvi, salaam. Jambo hili limenikaa kifuani tangu nilipopokea matokeo yangu, na leo naliweka hadharani kwa sababu nimechoka kusikia mwajiri wangu akiwaambia watu kwamba wauguzi wa kutoka Kenya hawakuja wakiwa tayari kwa mtihani wa vitendo, yaani OSCE, ilhali ni yeye aliyetia saini kwamba angetuandaa. Mimi ni muuguzi niliyesajiliwa nyumbani, nimefanya kazi miaka sita katika hospitali ya kaunti huko Pwani, na sasa nina miezi mitano katika nyumba ya kutunzia wazee kaskazini mwa Uingereza. Sitaitaja kwa jina, kwa kuwa bado ndiyo inayodhamini viza yangu, na mwenye kisu ndiye alaye nyama.

Kwa wasiojua utaratibu, nieleze kwa ufupi. Muuguzi aliyesomea nje ya Uingereza hasajiliwi na Baraza la Uuguzi na Ukunga la huku, yaani NMC, mpaka apite mtihani wenye sehemu mbili. Sehemu ya kwanza hufanywa kwenye kompyuta, nasi wa Kenya huifanyia Nairobi kabla ya kusafiri. Sehemu ya pili ndiyo OSCE, nayo hufanyika hapa hapa Uingereza katika vituo vichache vilivyoidhinishwa. Tangu mwaka 2021 OSCE ina stesheni 10, yaani sehemu kumi zinazosahihishwa kila moja peke yake. Nne zinafuata mgonjwa mmoja kama kisa kimoja: unampima, unaandika mpango wa uuguzi, unampa dawa, kisha unamkabidhi kwa mwenzako kwa maelezo ya mdomo. Nne nyingine ni za ustadi wa mikono, kama kuchoma sindano, kusafisha kidonda, kutoa mpira wa mkojo au kumfufua mtu ambaye moyo umesimama. Mbili za mwisho ni za kuandika kimya. Ada yake ni pauni 794, na ukishindwa katika stesheni saba au pungufu unarudia hizo tu kwa pauni 397, ambazo kwa shilingi za nyumbani ni zaidi ya 60,000. Nafasi ni tatu. Ukizimaliza zote bila kupita, unasubiri miezi sita ndipo uanze upya, lakini nani ataisubiri miezi hiyo, wakati masharti ya udhamini wa viza yanataka usajili upatikane ndani ya miezi minane tangu siku uliyoanza kazi?

Sasa turudi kwenye mkataba. Wakala aliyetuhoji alitusomea kipengele kwa kipengele, na kimoja kilisema wazi kwamba mwajiri atatoa mafunzo kamili ya OSCE na muda wa kujiandaa. Kipengele kingine, mistari michache chini yake, kilisema kwamba nikiacha kazi kabla ya miaka mitatu nitarudisha gharama za tikiti, viza na mtihani. Tulikuwa wanne, tukatia saini kwa furaha. Serikali ya Uingereza ina mwongozo wake kuhusu kuajiri wahudumu wa afya kutoka nje, na tangu Agosti 2022 mwongozo huo unataka vipengele vya kurudisha gharama viwe vya wazi na vya haki. Hilo nimelijua baada ya kufika. Ninachokijua vizuri zaidi ni kwamba kati ya vile vipengele viwili, cha kutudai kinakumbushwa kila mwezi, na cha kutufundisha hakijawahi kutajwa tena na mtu yeyote mwenye ofisi.

Siku ya tatu baada ya kutua tulipewa sare za wasaidizi na ratiba ya zamu za saa 12, nne kwa wiki, nyingi zikiwa za usiku. Sina dharau na kazi ya msaidizi. Kumwogesha mzee, kumgeuza kitandani na kumlisha ni uuguzi, na mama yangu mzazi ningependa afanyiwe hivyo hivyo. Lakini msaidizi hashiki chati ya dawa, hachomi sindano, hagusi mpira wa mkojo, na kwa hiyo miezi mitatu niliyoambiwa kwamba ninajiandaa, mikono yangu haikugusa hata kimoja kati ya vitu nilivyokuwa nikienda kutahiniwa. Nilipouliza mafunzo yataanza lini, nikaonyeshwa stoo iliyobandikwa karatasi mlangoni yenye maneno "Chumba cha Mafunzo". Ndani mlikuwa na mdoli wa plastiki asiye na mkono wa kushoto, boksi la glavu za saizi kubwa, na mashine ya presha iliyokwisha betri. Hapakuwa na pakiti ya vifaa tasa, yaani visivyo na vijidudu, wala sindano, wala fomu moja ya mtihani. Mafunzo yenyewe yalikuwa ya siku moja, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa sita, na tuliyapata tukiwa tumetoka zamu ya usiku: tuliketi tukatazama video, na meneja aliingia mara mbili kuuliza kama kuna anayeweza kubaki kwa zamu ya mchana.

Hapa ndipo ninapotaka wasomaji wasio wauguzi wanielewe, kwa sababu najua swali litakalokuja: muuguzi wa miaka sita anahitaji kufundishwa nini tena kuhusu kupima presha?

OSCE haipimi kama unajua kazi. Inapima kama unaweza kuionyesha kazi yako yote, hatua kwa hatua, kwa mpangilio wao na kwa sauti, huku saa inakimbia. Nyumbani nilikuwa na wodi ya wagonjwa 40 na wenzangu wawili. Unaingia, unamsalimu mama, mkono mmoja uko kwenye mshipa wake na jicho liko kwenye kifua chake, na ndani ya dakika mbili umeshajua kama huyu anaenda vizuri au wa kuitiwa daktari. Hakuna aliyekufundisha kutangaza unachofanya. Hapa unaingia kwenye stesheni ya kwanza, una dakika 20, na lazima useme: ninaangalia usalama wa mazingira, ninasafisha mikono, naitwa fulani, mimi ni muuguzi, naomba jina lako kamili na tarehe ya kuzaliwa, ungependa nikuiteje, nina idhini yako, nafunga pazia kwa ajili ya faragha. Pumzi unazihesabu kwa dakika nzima, si nusu dakika mara mbili. Halafu unajaza chati ya NEWS2, ya kuonyesha kama hali ya mgonjwa inazorota, ambayo kila kipimo kina alama zake, unajumlisha, na kutokana na jumla hiyo unaeleza mgonjwa apimwe tena baada ya muda gani na nani aitwe. Chati hiyo ni nzuri, tena natamani tungekuwa nayo kila wodi kule kwetu, lakini mtu aliyeiona mara ya kwanza kwenye video hawezi kuijaza bila kutetemeka.

Kwenye kidonda ni hivyo hivyo. Sote tumesafisha vidonda kwa chochote kilichokuwapo, na wagonjwa wakapona. Huku unafuta toroli kwa utaratibu, unasubiri ikauke, unafungua pakiti kwa kushika pembe tu, na ukigusa kwa bahati mbaya sehemu isiyotakiwa kuguswa unasimama, unasema kwamba umeichafua, unaibadilisha. Huu ni ustadi wa vidole. Haupatikani kwa kusoma, unapatikana kwa kufungua pakiti 20, 30, mbele ya mtu anayejua na anayekusahihisha. Mimi pakiti yangu ya kwanza niliifungulia mbele ya mtahini.

Nilifanya mtihani katika wiki ya kumi na moja, nikapita stesheni nane na kushindwa mbili: ya dawa na ya kidonda. Kwenye dawa nilikagua bangili ya utambulisho mkononi mwa mgonjwa, nikauliza kuhusu mzio, nikaona kwamba parasetamoli ilikuwa imetolewa muda mfupi uliopita na nikaizuia, jambo ambalo ndilo lingemwokoa mgonjwa wa kweli. Kisha nikaona muda unakwisha, nikaanza kukimbia, na dawa mbili za mwisho sikusema tarehe zake za kuisha muda wala sikujaza sababu ya ile niliyoizuia. Silaumu mtahini. Alikuwa na fomu yake na aliandika alichokiona. Hata lile tabasamu lake la pole nililipokea vizuri.

Ninayemlaumu ni aliyenipokea kazini siku iliyofuata. Meneja aliniita ofisini na kuniambia kwamba kampuni imesikitika, kwamba ilitarajia wauguzi wenye uzoefu, na kwamba pauni 397 za kurudia zitakatwa kwenye mshahara wangu kwa miezi miwili. Nilipomkumbusha kipengele cha mafunzo, akafungua kompyuta na kunionyesha orodha ya mahudhurio yenye saini zetu wanne ya ile siku ya video. Kwa maandishi, kwa hiyo, tulifundishwa. Kati yetu wanne amepita mmoja tu, naye alipita kwa sababu ana dada yake katika mji wa jirani, aliyemfundisha sebuleni wikendi baada ya wikendi, huku mito ya kochi ikitumika kama mgonjwa.

Kinachonichoma zaidi ni kwamba najua mambo yanaweza kufanyika kwa njia nyingine. Nilisoma chuo kimoja na kijana ambaye alikuja wiki ile ile niliyokuja mimi, ila yeye aliajiriwa na hospitali ya umma. Wao waliwekwa darasani wiki tano bila zamu hata moja, wakiwa na walimu wawili, wadoli wazima, fomu zile zile za mtihani, na mtihani wa majaribio kila Ijumaa wenye saa ya kuhesabu dakika. Tofauti kati yetu haiko kwenye cheti wala kwenye Kiingereza. Yeye alilipwa kufanya mazoezi, na mimi nilifanywa mkono wa bei nafuu wa kuziba mapengo ya ratiba, kwa mshahara wa msaidizi, huku kila mwezi ambao sijapata namba ya usajili ukiwa mwezi ambao kampuni hainilipi kama muuguzi. Sisemi wanapanga tushindwe. Nasema tu kwamba kushindwa kwetu hakuwagharimu chochote.

Kuna na kundi jingine linalonenepa kwa hofu yetu, nalo ni watu wa WhatsApp wanaouza "vigezo vya siri vya OSCE" kwa pauni 60. Nilinunua, aibu yangu naikiri. Ni nakala ya vigezo vya usahihishaji ambavyo vituo vya mtihani vimeviweka wazi mtandaoni bure, pamoja na vijitabu vya kumwelekeza mtahiniwa. Msilipe. Vipakueni wenyewe, chapisheni karatasi, shikeni saa.

Na ninyi mlio bado nyumbani mnaosubiri kutia saini, mwulizeni wakala kwa maandishi: ni wiki ngapi za mafunzo nisizopangiwa zamu, mwalimu ni nani, vifaa viko wapi, ada ya kurudia analipa nani? Akijibu kwamba "mtasaidiwa mkifika", mjue sisi wanne tulijibiwa maneno hayo hayo. Kama kuna mwanajamvi ambaye amefanikiwa kuzuia makato ya ada ya marudio, au aliyeandikia chama cha wauguzi akasaidiwa, naomba aniandikie hapa chini hatua alizochukua.

Tarehe yangu ya kurudia imeshatoka, ni Jumatano ya wiki ijayo. Niliomba kwa barua siku tatu za kujiandaa. Ratiba imebandikwa jana jioni kwenye mlango wa jikoni: nimepangiwa usiku wa Jumapili na usiku wa Jumatatu, natoka Jumanne saa mbili asubuhi, na pembeni ya jina langu mtu ameandika kwa kalamu nyekundu "kila la heri".