Naomba ushauri: filamu ya 1955 kwenye kibanda umiza

Wakuu, shikamooni wakubwa, na rika langu habari zenu.

Nina kibanda umiza hapa Tukuyu. Siku zisizo na mpira nataka kuonyesha The Night of the Hunter, ya Marekani, mwaka 1955, picha isiyo na rangi. Mhubiri wa uongo anamwoa mjane akiwinda fedha alizoiba marehemu mume. Zilipo wanajua watoto wawili tu: ndani ya mwanasesere wa yule binti mdogo. Mambo ya baba wa kambo na mali ya marehemu huku kwetu nani hayajui? Nina hakika itashika watu.

Shida ni lugha. Nilimpa kijana wetu anayetafsiri aingize sauti, akaiharibu. Pale watoto wanapotoroka usiku kwa mtumbwi, mto umetulia, chura na utando wa buibui vimejaa kioo kizima, yeye anapayuka na vichekesho kama filamu ya ngumi! Nikaiweka bila tafsiri, akina mama wakawa wanaulizana "kasemaje?" mpaka wakaondoka. Maandishi ya Kiswahili sijayapata, na wengi hawasomi haraka hivyo.

Kwa mnaotafsiri: mnafanyaje ili sauti yenu isifunike muziki na ukimya?

Na la pili, jioni watoto huingia na wazazi wao. Kwenye filamu kuna maiti ya mama wa wale watoto wawili imekaa ndani ya gari chini ya maji, nywele zikielea. Niwazuie, au niwaeleze wazazi kwanza mlangoni?